Bomba la Wajao

Mwenye kiu anywe kabisa kabla sijaanza, maana habari hii ni kavu, na kila nikiifikisha mwisho koo huniwasha.

Nyuma ya milima ambayo hatutaitaja, kwa njia isiyo na haja ya kuelezwa kwa kuwa hakuna atakayetaka kuifuata, kuna nchi inaitwa Mtondogoo. Sisi tukisema kesho, wao wameshaivuka. Tukisema kesho kutwa, wanatuonea huruma. Nchi hiyo ilisifika kwa jambo moja: ilikuwa na Mpango wa Maji wa miaka mingi mbele, na haikuwahi kutokea hata mara moja ikaenda kinyume nao. Wageni walikuwa wakipelekwa huko makundi kwa makundi kujifunza, wakarudi kwao na fulana.

Aliyefunga safari safari hii alikuwa Mwajabu, meneja wa mamlaka ya maji ya mji mdogo wa Mferejini. Mama wa makamo, miguu imevimba kwa kupanda na kushuka vilima akifuata mabomba. Alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ni ule unaoamka nao, ukanywa nao chai, ukaenda nao kazini. Leo bomba limepasuka sokoni, kesho pampu imezima, kesho kutwa wanawake wamefunga barabara kwa ndoo tupu. Bodi yake ikamwita, ikamwambia, "Mama, wewe kila siku unaziba tu, hupangi. Nenda Mtondogoo ukaone wenzako wanavyopanga, utuletee mpango kama wao." Mwajabu hakubisha. Moyoni alisema, heri niende, angalau huko nitalala.

Akapangiwa kukaa kilimani kwa Bi Sikitu, katika nyumba yenye koki ya shaba mlangoni. Na kitu cha kwanza alichokiona pale ni tumbo. Bi Sikitu alikuwa ajuza wa miaka sabini na ushei, nywele nyeupe pe, meno yamebaki ya kuhesabu, na mbele yake ametanguliza mimba ya mwezi wa kujifungua.

"Shikamoo, mama," alisema Mwajabu, akijitahidi macho yasishuke.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Tazama tu, usione haya. Hii ina miaka thelathini." Akaligonga tumbo kwa kiganja, nalo likabonyea kama mto uliojaa sufi, maana ndicho kilikuwa. Mara akaingia mwanamume mwenye ndevu, amebeba kuni begani. "Na huyu ndiye aliyemo humu ndani. Mwanangu Shaweji. Hajazaliwa bado."

"Shikamoo, mama," Shaweji akamwamkia mgeni kwa adabu.

Mwajabu akaitikia marahaba, asijue amwitikie yeye au amwitikie mto.

Usicheke. Mto ule ulitokana na sheria, na sheria hiyo ilianza vizuri, kama sheria nyingi za kijinga. Zamani watu wa Mtondogoo walirithi visima vilivyokauka na misitu iliyokatwa, wakalia, wakasema, mababu zetu walikunywa yote bila kutufikiria. Sisi hatutakuwa kama wao. Wakajenga Tangi Kuu juu ya mlima, wakaapa kwamba maji yale ni ya Wajao, yaani wale ambao bado hawajaja duniani. Na aliyekwisha kuja je? Huyo yumo katika Kipindi cha Mpito. Ashuke bondeni, kuna visima vya maji ya chumvi, avumilie, Mpango ukikamilika hata mzimu wake utafurahi. Ila kwa kuwa Mjao hukaa tumboni mwa mtu, na mtu huyo lazima anywe, nyumba yenye mimba ikafungiwa koki na kupewa maji. Siku mtoto akizaliwa, basi, si Mjao tena, ni mwenzetu wa mpito. Koki inafungwa.

Waliotunga sheria walikuwa wanaume watupu, hawakujua jambo dogo. Mama hawezi kumwogesha mtoto mchanga kwa maji ya chumvi akamtazama anavyojikunja, akasema ni kwa faida ya taifa. Basi wanawake wa Mtondogoo wakaacha kuzaa. Yaani, wakaacha kusema kwamba wamezaa. Mwenzao akishikwa na uchungu, majirani wanakusanyika uani na vinu vitupu, wanatwanga, ti-ti-ti, mpaka kilio cha kwanza cha mtoto kipotee ndani ya kelele. Kisha mama anavaa mto. Ukisikia vinu vinatwangwa Mtondogoo na huoni pumba wala unga, ujue dunia imeongezeka mtu.

Nyumba ile ilikuwa na mimba nyingine, ya kweli. Alikuwa nayo Chausiku, mke wa Shaweji, aliyeolewa kutoka ng'ambo ya mto ambako watu huzaliwa ovyo ovyo tu kama sisi. Ndoa yao ilifungwa kwa minong'ono, kwa sababu bwana harusi hakuwepo kisheria. Chausiku alikuwa karibu kabisa. Alikaa kizingitini, mikono kiunoni, akitazama uzi mwembamba wa maji ukidondoka kwenye karai, na uso wake haukuwa na furaha.

"Wifi yangu," alimwambia Mwajabu, kwa kuwa wageni wawili hujuana haraka, "mimi sitaki mwanangu atwangiwe."

"Kelele hizo!" Bi Sikitu alidakia. "Vijana wa hapa tumewatwangia wote, na wamekua."

"Wamekua, mama. Lakini wako wapi?"

Asubuhi yake akaja mkaguzi, Bwana Ngwali, mtu mrefu aliyepinda mgongo kwa kuinamia koki za watu. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kuhakikisha wajawazito bado ni wajawazito.

"Shikamoo, bibi. Bado?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Bado."

"Pole. Inshallah." Akafungua koki, akangoja ndoo zijae. Shaweji alikuwa amesimama karibu yake kiasi cha kupigana vikumbo, naye Ngwali akamzunguka kama mtu anavyozunguka nguzo, wala hakumtazama. Alipomaliza, akajifuta jasho, akashusha pumzi. Mwajabu aliutambua mshusho ule wa pumzi. Ulikuwa wake.

Siku ile ile alipelekwa ofisini kwa Mpangaji Mkuu, Bwana Mshangama. Huyu alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na ofisi yake ilikuwa na picha za kuchora za mji utakavyokuwa: chemchemi, bustani, watoto wanachezea maji. Alimweleza mgeni hatua za Mpango. Kwanza Dira. Baada ya Dira, Mkakati. Baada ya Mkakati, Utekelezaji, na matengenezo yamo humo kwenye Utekelezaji.

"Sasa mko hatua gani, mheshimiwa?"

"Dira," alisema Bwana Mshangama. "Kila Mpangaji Mkuu mpya lazima awe na Dira yake, la sivyo atakuwa anaiba ya mwenzake. Mimi yangu inakaribia. Tumebakiza kukubaliana neno la mwisho, kama liwe 'endelevu' au 'stahimilivu'."

Mwajabu akasema aha. Akaomba kuona bomba.

Bomba kuu la Mtondogoo hutoka kwenye Tangi, likashuka kilimani hadi kwenye nyumba. Nusu ya njia lina ufa. Si ufa wa kutafuta kwa tochi, la. Maji yanaruka juu kuliko kichwa cha mtu, yanaanguka, yanatengeneza kijito, kijito kinaporomoka kwenye korongo na kumezwa na mchanga. Palizungushiwa uzio na kibao: MAJI YA WAJAO, USIGUSE. Mwajabu alisimama pale akihisi manyunyu usoni, akakumbuka ule uzi mwembamba uliokuwa ukidondoka kwenye karai la Chausiku, na akapata hasira ambayo uchovu ulikuwa umemsahaulisha.

"Yaani hili nalo mnalitazama tu?"

Pembeni ya uzio, juu ya mawe, walikaa wazee watatu na spana zao mapajani. Ndio waliokuwa Idara ya Matengenezo. Mkubwa wao, Mzee Tambwe, alijibu bila kuinuka, na kisa cha kutoinuka kilikuwa magoti.

"Tunalilinda, mwanangu. Kuliziba kunataka vijana wa kuingia kwenye shimo, wabane kiungio, wainue bomba mabegani. Na hapa hakuna vijana. Nchi nzima."

"Hakuna vijana?" Njiani Mwajabu alikuwa amepishana na vijana wasiohesabika.

"Wa kuajiriwa hakuna. Nitamwajirije mtu ambaye hajazaliwa? Sheria inataka fundi awe hai." Mzee akakohoa. "Na kazi yenyewe si mbaya. Fundi anapewa madumu mawili ya maji kila siku, maji matamu. Mimi ningekuwa na kijana, ningempa spana hii leo hii. Lakini huyo kijana, mama yake atakuja kumzaa lini?"

Bwana Mshangama alikuwa amesimama kando akitabasamu, akitazama juu kidogo ya maji, kule ambako bustani zitakuwa.

Kesho yake Baraza la Maji likakutana, na mgeni akaalikwa. Nchini kwetu viti vya mbele hukaliwa na wakubwa. Kule viti vya mbele vilikuwa vitupu, vimepambwa kwa vitambaa, na mbele ya kila kiti glasi ya maji baridi imejazwa mpaka mdomoni. Ni viti vya Wajao. Wajumbe walikaa nyuma, juu ya mabenchi, makoo yamekauka, wakizitazama glasi zikitoa jasho. Mmoja alishikwa na kikohozi, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na hakuna aliyethubutu kumpa glasi. Mkutano ukiisha maji yale humwagwa, kwa heshima.

Hoja ilikuwa moja. Bwana Mshangama alisimama akavihutubia vile viti vitupu.

"Waheshimiwa Wajao. Kwa mujibu wa takwimu, hapa Mtondogoo hajazaliwa mtu kwa miaka thelathini. Waliopo wanazeeka, wanakufa, Mungu awarehemu. Maana yake mahitaji ya maji yanashuka, na bomba letu sasa ni pana kupita kiasi. Huo ni ubadhirifu wa mali yenu. Napendekeza tuling'oe, tuweke jembamba. Ufanisi, waheshimiwa. Bomba la unene wa kidole gumba litatosha."

Mabenchi yakanong'ona kwa kuridhika. Mjumbe mmoja aliuliza kama kidole gumba ni cha mwanamume au cha mwanamke, wakajadiliana juu ya hilo kwa muda mrefu, pande zote mbili kwa hoja nzito.

Mwajabu alimtazama Bwana Ngwali aliyekuwa ameegemea ukuta wa nyuma. Nyumba zote za kilimani alizijua yule bwana, na watu wote waliomo alijua alivyowazunguka. Uso wake ulikuwa umeinama. Ndipo mwenyekiti akasema kwamba mgeni, kwa desturi, anaruhusiwa neno. Na Mwajabu akasikia masikioni mwake alivyoambiwa na Bi Sikitu asubuhi wakati akifunga viatu: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Akasimama. "Waheshimiwa, mimi nimekaa siku chache tu. Lakini nimeona watu."

Mabenchi yote yakamgeukia.

"Watu gani, mama?" aliuliza Bwana Mshangama kwa upole wake. "Maana katika takwimu hawamo. Kama umeona watu waliozaliwa, hilo ni jambo kubwa. Tutajie nyumba, tukazifunge koki zao, kisha tuwaingize kwenye hesabu."

Hapo ndipo mtego ulipombana. Akisema wapo, koki zinafungwa leo, kilima kizima kinashuka kwenye chumvi, na Chausiku atawafuata siku ile ile ya kujifungua. Akinyamaza, linang'olewa bomba, na watu chungu nzima waje wanyonye kidole gumba. Ngwali kule nyuma alikuwa akitikisa kichwa polepole, anamsihi.

"Labda ni uchovu wa safari," Mwajabu akasema, akakaa.

Hoja ikapita bila kupingwa. Glasi zikamwagwa.

Alirudi kilimani akiburuta miguu, na njia nzima alijitukana. Hakuficha kitu. Aliwakalisha Bi Sikitu, Shaweji na Chausiku, akawasimulia yote, la bomba, la kidole gumba, na la kwake yeye kukaa chini. Shaweji alizitazama kucha zake. Bi Sikitu akasema, "Haidhuru, tutatumia kidogo kidogo, tumezoea." Chausiku alikuwa ameshika ukuta, na jasho lilikuwa likimtiririka, na jua lilikuwa bado liko utosini uchungu ulipokuja wenyewe.

Wanawake wa kilima walikuja na vinu vyao. Hawakuitwa, walijua. Wakavipanga uani, wakafunga kanga viunoni, na Mwajabu naye akapewa mchi, akaushika asijue aufanyie nini. Ndani, Bi Sikitu alikuwa mkunga. Shaweji alisimama nje ya dirisha akiuma ndevu zake. Ikafika ile saa, Bi Sikitu akapiga kelele, "Haya! Twangeni!"

Ti-ti-ti-ti. Ardhi ilitetemeka. Mtoto akaja ndani ya kelele ile, na mdomo wake ulikuwa wazi, na hakuna aliyemsikia hata mama yake mzazi. Ndipo Chausiku akajiinua kwa viwiko, akapaza sauti kuliko vinu.

"Acheni! Acheni kutwanga! Mwacheni alie!"

"Chausiku, umerukwa na akili? Koki!"

"Wanapunguza bomba kwa sababu hatujazaliwa, mama! Huyu naye akivaliwa mto, kesho watasema hata kidole gumba ni kingi! Nataka mwanangu azaliwe! Mimi nimemzaa, nimemzaa sasa hivi, nyote mmeona!"

Mchi mmoja ukasimama. Wa pili ukalegea. Mwajabu aliweka wake chini taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nchi ile aliona amefanya jambo la maana. Vinu vyote vikanyamaza. Na kilio cha mtoto wa kike, chembamba, kikali, cha kudai, kikapanda juu ya kuta, kikashuka kilimani nyumba kwa nyumba, na watu wakatoka milangoni, vijana na mito na vizee, kusikia sauti ambayo walikuwa hawajaisikia peke yake kwa miaka thelathini.

Bwana Ngwali hakuwa mbali. Alikuja akasimama mlangoni na ufunguo wake wa koki mkononi, amesawajika.

"Bibi," alimwambia Bi Sikitu, "mimi masikio yangu si mazuri siku hizi. Nitazunguka kilima kwanza. Pengine nikirudi nitakuta mnatwanga mahindi."

Hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Ilikuwa ni huruma yake yote, ameikunja ndogo, anaipitisha chini ya mlango.

"Ahsante, kaka," alisema Chausiku kutoka kitandani. "Lakini amezaliwa. Fanya kazi yako."

Ngwali akavuka kizingiti. Kisha akauliza kama sheria inavyotaka. "Jina la mtoto?"

"Faraji."

"Faraji mtoto wa kike?"

"Tulilipanga kabla hatujamwona. Atalizoea."

"Mama yake ni wewe. Baba yake?"

Hapo nyumba ikaingiwa na baridi. Shaweji alikuwa ameshaingia ndani, amempakata mwanawe mikononi, ndevu zake zimelowa machozi. Ngwali alimtazama pale alipo, kama siku zote, akaona ukuta. Yule mtoto alikuwa na umri wa robo saa, na tayari alikuwa mkubwa kuliko baba yake.

"Baba hakuna?" aliuliza Ngwali tena, polepole.

Bi Sikitu alikuwa akinawa mikono. Naam, maji ya kunawia yalitoka kwenye koki ile, na nusu ya koki ile ilikuwa ya Chausiku, ambayo imeshakwenda, na nusu ilikuwa yake yeye, ya mto wake, ambayo hakuna aliyeigusa. Angeweza kuendelea kuinywa mpaka kaburini. Alijifuta mikono. Akamtazama mwanawe, kisha mjukuu, kisha mwanawe. Akafungua kanga, akafungua kamba, akauvuta ule mto nje. Wanawake dirishani walishika vinywa. Bila mto alikuwa kibibi kidogo mno, mgongo umepinda upande mmoja kwa uzito wa miaka thelathini. Akakung'uta mto, akauweka kitandani, akamlaza mtoto kichwa juu yake.

"Sasa mjukuu wangu amzidi mwanangu umri? Haiwezekani. Hiyo sijaisikia popote." Akamgeukia mkaguzi. "Waliozaliwa humu leo ni wawili. Huyo hapo ndiye baba. Anaitwa Shaweji, nimemzaa kwa shida sana, na nimechoka kumbeba. Funga koki yako."

Ngwali akageuza macho, na safari hii yakamkuta Shaweji, yakatulia. "Hongera, bibi," alisema. "Karibu duniani, bwana." Wakapeana mikono. Kisha akatoka nje, akafunga koki, akakaa chini kando yake kwa muda, na hakuna aliyemfukuza.

Sitawadanganya kwamba kilima kizima kilitupa mito siku ile. Hakuna aliyetupa. Watu waliingia ndani wakafunga milango, na jirani mmoja tu ndiye aliyepitisha ndoo juu ya ukuta, naye alisema asiambiwe mtu. Mtoto aliogeshwa kwa maji hayo. Ya kunywa, Mwajabu mwenyewe alishuka bondeni akateka ya chumvi, akapanda nayo, akayaonja njiani akayatema.

Siku yake ya kuondoka ilikuwa kesho yake. Alikuwa hana mpango wowote wa kuipelekea bodi, isipokuwa neno moja ambalo alijua hawatalipenda: tuhesabu watu waliopo kwanza, tuzibe panapovuja, halafu ndipo tukae tupange. Njia ikampitisha pale penye ufa. Akasimama.

Kibao kilikuwa kimelazwa kifudifudi, uzio umefunguliwa. Wazee watatu walikuwa wamesimama, magoti na yote, wanashika kamba. Ndani ya shimo, maji yakimpiga kifuani, Shaweji alikuwa ameinua bomba begani, spana ya Mzee Tambwe mkononi, anabana kiungio na kuguna. Madumu mawili yaliyojaa maji matamu yalikuwa yamewekwa pembeni, kwenye kivuli, yanamngoja. Na ule mruko wa maji uliokuwa ukipita kichwa cha mtu sasa ulikuwa unamfika kiunoni. Ukawa wa magotini.

Bwana Mshangama alifika anahema, makaratasi kwapani, upole wote umemtoka.

"Nani ameruhusu? Matengenezo yako kwenye Utekelezaji! Sisi bado tuko kwenye Dira! Wewe kijana, hujui kwamba hili haliko kwenye Mpango?"

Shaweji alikuwa ameuma bolti kwa meno. Mzee Tambwe ndiye aliyejibu, huku akivuta kamba, na hakugeuka hata kumtazama.

"Msamehe, mheshimiwa. Ana siku mbili tu duniani. Mpango wako hajausoma."